Shem Karenga, mwana wa njia ya misafara

Mtaje Shem Ibrahim Karenga mbele ya mtu yeyote aliyekula chumvi nyingi, awe Tabora, Urambo au Kariakoo, naye atakujibu kwa wimbo mmoja: "Dada Asha". Ataanza kuuimba kabla hujamaliza kuuliza. Ni heshima kubwa kwa mtunzi kukumbukwa hivyo. Ni dhuluma pia, kwa sababu mtu aliyeingia kwenye bendi katikati ya miaka ya 1960 na kuendelea na muziki mpaka uzeeni, hadi alipofariki dunia Desemba 2014, hawezi kuenea katika dakika chache za wimbo mmoja.

Ninachomdai Karenga, au tuseme ninachotudai sisi tuliobaki, ni mkusanyiko wa maisha yake yote ya muziki. Nyimbo zake tangu ujana hadi uzee, zimepangwa kwa kufuata miaka, kila moja ikiwa na majina ya waliopiga na mahali iliporekodiwa. Rundo la "zilipendwa" lililochanganywa na la wenzake ishirini halitoshi. Nazungumzia kazi ya mtu mmoja, iliyosimama kwa miguu yake.

Namtanguliza Karenga miongoni mwa wanamuziki wote wa ukanda wa magharibi kwa sababu maisha yake yalipita palepale ilipopita historia ya ukanda huo. Alizaliwa Bangwe, Kigoma, jirani na Ujiji, mji ambako misafara ya pembe na watumwa ilifika ziwani. Alianzia muziki hukohuko kwao, katika bendi ya Lake Tanganyika Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia Tabora na kuingia Tabora Jazz, wana Segere Matata, na hapo ndipo "Dada Asha" ilipomfanya ajulikane nchi nzima. Baadaye akashuka Dar es Salaam, akaongoza MK Beats, kisha akaendelea kulibeba jina la mji wake wa pili kwa bendi ya Tabora Jazz Stars. Ziwani, Unyamwezini, pwani. Ukiichora safari hiyo kwenye karatasi unapata njia ya misafara, vituo vyake vikubwa vyote vikiwemo, na chini yake unapata reli ya kati.

Njia hiyo ilikuwa na muziki tangu zamani. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuwa wamekwisha kutembea miezi na wapagazi, na Burton aliandika kwa kirefu habari za kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara na ngoma ikilia nyuma yake. Wanyamwezi waliokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani hawakutembea kimya. Mzigo wa pembe ni mzito, na wimbo ndio uliopanga hatua. Mtu aliondoka Unyanyembe na nyimbo za kwao, akafika Bagamoyo akakutana na ngoma za Waswahili, akarudi nazo. Mji ulioishi kwa biashara ya aina hiyo kwa miongo mingi unajifunza kusikiliza. Tabora haikuwa na bahari wala ziwa, lakini kila kilichoimbwa baharini na ziwani kilipita sebuleni kwake.

Wajerumani walipojenga reli hawakuwa na haja ya kubuni njia mpya. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma mapema 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini. Mwaka 1928, chini ya Waingereza, tawi la Mwanza likafunguliwa, na Tabora ikawa njia panda. Pamoja na abiria, reli ilipakia ngoma. Beni, ile ngoma ya sare, vyeo na tarumbeta iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilipanda bara na askari na makarani, ikaweka vyama vyake vya Marini na Arinoti hadi Tabora na Ujiji. Terence Ranger aliifuatilia habari hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975, na ukikisoma utaona kwamba vyama vya beni vilikuwa na viongozi, michango, wanachama na wapinzani. Bendi za jazz za baadaye zilipangwa vivyo hivyo. Ziliitwa jazz, lakini zilikuwa watoto wa beni.

Kisha zikaja santuri za Kikuba zenye herufi GV, na redio, na sauti za Kongo zilizovuka ziwa bila pasipoti. Kijana wa Kigoma alikuwa na faida ambayo kijana wa Dar hakuwa nayo. Rumba ya Kongo ilimfikia kwanza yeye, ikiwa bado ya moto.

Tabora ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na bendi zilizotosha kugawa mji kwa ushabiki. Kulikuwa na Kiko Kids, bendi ya Salim Zahoro. Kulikuwa na Tabora Jazz. Kulikuwa na Nyanyembe Jazz, iliyobeba jina la dola ya kina Isike, mtemi aliyejilipua na baruti ndani ya boma lake Januari 1893 badala ya kukamatwa na Wajerumani. Na wana wa magharibi waliohamia Dar es Salaam nao hawakukaa bure. Iddi Nhende, mtu wa Nzega, alianzisha Western Jazz, na jina lake lilitangaza wazi Jimbo la Magharibi walikotoka. Gitaa la Rashid Hanzuruni katika mtindo wa Saboso bado linawafundisha wapiga solo wa leo nini maana ya kusema mengi kwa noti chache.

Hapo sijamgusa Mzee Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo, ambalo redio ililipeleka kila kona ya nchi. Hiyo ilikuwa ngoma, haikuwa dansi, na inastahili makala yake. Namtaja hapa kwa sababu mpiga gitaa wa Tabora alikulia kati ya masikio mawili: la kushoto likisikia Hiari ya Moyo, la kulia likisikia Léopoldville.

Kiko Kids wamepata bahati ambayo wengine hawajaipata. Kampuni ndogo ya Ujerumani, Dizim, ilikusanya nyimbo zao katika CD iitwayo "Tanganyika na Uhuru". Jina hilo lina uzito wake kwa mji huu. Tabora ndipo TANU ilipofanya mkutano wa Januari 1958 uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, uamuzi uliofupisha safari ya kwenda kwenye uhuru. Ukiisikiliza CD hiyo mfululizo unasikia mji unaojua kwamba kuna jambo kubwa linakuja. Wimbo mmoja mmoja redioni haukupi hisia hiyo. Mfululizo ndio unaokupa. Dizim hiyohiyo ilifanya hivyo kwa Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, katika CD ya "Ngoma Iko Huku". Naye Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro pia, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, alitengenezewa na Polygram ya Nairobi mfululizo wa santuri za "Ukumbusho", na ndiyo maana mtoto aliyezaliwa baada ya kifo chake anaweza kukuhesabia nyimbo kumi za Mbaraka bila kufikiri.

Morogoro imehifadhiwa. Tabora bado inadai.

Nitatoka kidogo Unyamwezini, nivuke bahari, kwa sababu kuna watu waliolifanya jambo hili vizuri kuliko wote, na muziki wao una undugu na wetu kuliko wengi wanavyodhani. Ni muziki wa kantri wa Marekani, hasa ule wa vilabu vya honkitonki. Ulikulia kwenye baa za wafanyakazi wa visima vya mafuta wa Texas na majimbo ya jirani, watu waliolipwa Jumamosi na kwenda kunywa na kucheza. Baa zilikuwa na kelele. Inasimuliwa kwamba wenye mashine za santuri walimlalamikia Ernest Tubb kuwa nyimbo zake hazisikiki watu wakianza kuongea, naye akaweka gitaa la umeme katika "Walking the Floor Over You" ya mwaka 1941. Aliyewahi kukaa karibu na spika katika ukumbi wa dansi siku ya mwisho wa mwezi anaelewa haraka shida ya Tubb. Na nyimbo zenyewe zilisema yaleyale: mwanamke aliyeondoka, mwanamume aliyekunywa mshahara, barua isiyojibiwa, treni.

Muziki huo si mgeni kwetu. Hugh Tracey alipozuru Bonde la Ufa la Kenya mwaka 1950 na vinasa sauti vyake, aliwakuta Wakipsigis wa Kapkatet wakiimba habari za kiumbe aitwaye Chemirocha, na huyo hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Mississippi aliyegeuka kuwa mwimbaji wa kwanza mkubwa wa kantri. Santuri zake zilikuwa zimetangulia kufika. Baadaye Jim Reeves, aliyekufa kwa ajali ya ndege Julai 1964, aliingia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki akawa kama mtu wa familia.

Sasa angalia Wamarekani, na kwa kweli Wajerumani, walivyomtendea Lefty Frizzell. Huyu alizaliwa Corsicana, Texas, mwaka 1928, baba yake akiwa mtu wa visima vya mafuta anayehama mji hadi mji. Mwaka 1950 alitoa "If You've Got the Money I've Got the Time", ikapasua, na mwaka uliofuata alikuwa na nyimbo nne kwa pamoja katika kumi bora za kantri. Alikuwa na namna ya kuivuta irabu, kuipandisha na kuishusha kabla ya kuiachia, ambayo kina Merle Haggard na George Jones waliichukua wakajenga nayo maisha. Alifariki mwaka 1975 akiwa na miaka 47, na watu wengi walibaki na nyimbo zake mbili tatu tu midomoni. Mwaka 1992 kampuni ya Bear Family ya Ujerumani ikatoa kasha la CD 12 liitwalo "Life's Like Poetry", kazi yake ya maisha, na kitabu kinachoeleza kila siku aliyoingia studio na nani alikuwa naye. Hank Williams, aliyefia ndani ya gari alfajiri ya mwaka mpya wa 1953 akiwa na miaka 29 tu, alipata kasha lake la CD 10 mwaka 1998.

CD 12 za mtu mmoja si za kusikiliza Jumapili moja. Kuna nyimbo dhaifu humo, nyingine zimerudiwa, katika nyingine mwimbaji anaonekana amechoka. Lakini hapo ndipo thamani yake ilipo. Unamsikia kijana mwenye haraka akigeuka taratibu kuwa mtu mzima aliyeumia, sauti ikishuka nusu hatua kila baada ya miaka michache. Wimbo uliopendwa unakuonyesha mtu siku ya sherehe tu. Mkusanyiko unamwonyesha siku zote, na msanii wa kweli husimama imara zaidi akionekana hivyo.

Kwa Karenga kazi itakuwa ngumu kuliko kwa Frizzell, na ni vizuri kusema kwa nini.

Mzee mmoja wa Kanyenye, mjini Tabora, alinionyesha santuri yake moja ya bendi za hapo. Aliitoa kwenye bahasha ya kaki, akaishika pembeni kwa vidole vya mikono yote miwili. "Usiiguse katikati, mwanangu, jasho linaila," akaniambia. Ilikuwa ndogo, ile ya spidi 45 yenye tundu kubwa. Lebo ilikuwa imefifia upande mmoja, na juu yake, kwa kalamu ya wino wa bluu, mwenyewe alikuwa ameandika jina lake na neno "Tabora", ili ikiazimwa kwa sherehe ijulikane pa kurudi. Nilisoma kilichochapwa: jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi, jina la kampuni, namba. Basi. Mzee akaanza kunitajia mpiga solo, mpiga ridhimu, mpiga besi, mpiga tumba, mmoja mmoja, na mtaa aliokuwa akikaa kila mmoja wao. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa kwenye lebo. Orodha kamili ya bendi ile, siku ile, ilikuwa kichwani mwa mzee yule peke yake.

Kisha akaigeuza. Wapenzi wa dansi wa zamani wanajua habari ya upande wa pili. Wimbo uligawanywa katikati: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, pale waimbaji wanapowapisha wapiga magitaa na watu wanaingia uwanjani kwa nguvu. Miaka yote hii redio na wauza kanda wamekuwa wakicheza upande wa kwanza na kuuacha wa pili. Kizazi kizima kinawajua Tabora Jazz kama waimbaji wa nyimbo za kubembeleza, hakijui kwamba baada ya kubembeleza palikuwa na moto. Katika chemko ndimo unamosikia mafunzo ya Unyamwezini, tumba ikikaza kamba kama ngoma ya kijijini, solo ikirudia kipande kifupi mpaka mchezaji asahau alikuwa amechoka. Mkusanyiko wa Karenga usiounganisha pande hizo mbili utakuwa umekusanya nusu ya kazi.

Tatizo jingine ni kwamba wimbo mmoja huweza kuwa na maisha mawili. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya hewani, na zikipata nafasi zikasafiri Nairobi kurekodi kwa ajili ya santuri. Wimbo uleule, waimbaji walewale, lakini studio tofauti na mara nyingi mwendo tofauti. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia ya Nairobi ikaziba kwa miaka, na kazi nyingi za kipindi hicho zikabaki kwenye mikanda ya redio peke yake. Ili umpate Karenga mzima unahitaji mikanda iliyorithiwa na TBC, unahitaji santuri za Nairobi, na unahitaji mabahasha ya kaki ya watu wa Tabora, Kigoma na Mwanza. Hakuna hazina moja kati ya hizo inayotosha peke yake.

Halafu kuna haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoiweka COSOTA, na familia za watunzi zina haki ya kulipwa kazi inapouzwa. Wanamuziki wengi wa bendi za mikoani walirekodi bila mkataba wa maana mkononi. Walipewa posho, wakapigiwa wimbo hewani, wakaridhika kusikika. Mkusanyiko utakaofanywa leo bila kukaa chini na warithi utakuwa unaendeleza ubaya uleule kwa kasha zuri zaidi. Naamini kabisa kwamba hatua ya kwanza ya kazi hii ianzie sebuleni kwa familia, kabla ya studio yoyote kuwasha mashine, kwa shikamoo, kwa karatasi inayosomeka na kwa kiasi cha fedha kinachotajwa waziwazi.

Na uharaka upo. Mikanda ya sumaku haisubiri. Ikikaa kwenye joto na unyevu inaachia unga, na kila ikipigwa bila uangalifu inapoteza kitu. Wanaokumbuka majina nao wana miaka sabini na zaidi.

Ingekuwa kazi yangu, ningeigawa mara tatu, kwa kufuata njia. Sehemu ya kwanza ingekuwa Kigoma: Lake Tanganyika Jazz, chochote kitakachopatikana, hata kikiwa na mikwaruzo, kwa sababu pale tungemsikia mvulana wa Bangwe akiwa bado anaiga Kongo. Watayarishaji wa makasha huwa na tabia ya kuruka miaka ya kuiga. Mimi ningeing'ang'ania, maana huwezi kujua mtu alipata sauti yake lini kama hujasikia alipokuwa hana.

Sehemu ya pili, ndefu kuliko zote, Tabora. Hapa "Dada Asha" ingekaa mahali pake, katikati ya nyimbo nyingine za miaka ileile, chemko likiwa limeunganishwa, na toleo la redio likifuatiwa na la santuri kama yote mawili yatapatikana. Nina upendeleo wangu na sitauficha: sehemu hii ndiyo bora. Bendi ya mkoani inayopigia watu inaowafahamu kwa majina ina utulivu ambao bendi ya Dar haiwezi kuununua. Haikimbizani na bendi tatu nyingine za mtaa wa pili usiku uleule. Ina muda wa kuuacha wimbo upumue, na mtunzi anajua kwamba Asha wa kwenye wimbo anaweza kuwa anasikiliza mlangoni.

Sehemu ya tatu, Dar es Salaam: MK Beats, kisha Tabora Jazz Stars na miaka ya utu uzima. Wapo watakaosema sehemu hii ifupishwe, kwamba vinanda vya umeme viliharibu ladha na vijana walikuwa wamehamia kwingine. Siafiki. Mtu anayeendelea kuliita kundi lake kwa jina la Tabora akiwa kilomita zaidi ya 800 kutoka Tabora, mbele ya wacheza dansi ambao wengi hawajawahi kuiona miembe ya mji huo, ana jambo analolisema, na tumsikilize mpaka mwisho wake. Nyimbo zake za zamani alizozirudia uzeeni ningeziweka humo pia, zote, ili msikilizaji aweze kuweka "Dada Asha" ya kijana na ya mzee bega kwa bega, asikie miaka arobaini imefanya nini kwenye koo la mtu.

Kijitabu kiandikwe kwa Kiswahili kwanza, na lugha nyingine zifuate. Kila wimbo uwe na mwaka, studio na namba ya santuri, na chini yake majina: solo, ridhimu, besi, tumba, saksafoni, waitikiaji. Palipo na ubishi kati ya wazee, ubishi uandikwe. Na nakala za mwanzo zisiuzwe Ulaya. Ziende Kigoma, ziende maktaba ya mkoa Tabora, ziende redio za mikoani kuanzia Kigoma hadi Morogoro, zikiwa na sharti moja kwa watangazaji: upande wa pili upigwe wote.